Kocha wa zamani aliniita Treni, kocha mpya akasema nimekwisha: yaliyonikuta uwanjani Likasi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi ni mtu wa Likasi, Haut-Katanga, huku Kongo. Humu ndani huwa nasoma tu. Nasoma mnavyobishana kuhusu makocha wa zamani na wa siku hizi, nacheka peke yangu, nazima simu.

Juzi mtu kaandika kwamba kocha wa sasa hajui kumpandisha mchezaji mori, anajua kompyuta tu. Mwingine akamjibu kwamba wale wa zamani walikuwa wapiga kelele, basi.

Nikaona hapana. Hili nimelipitia kwa mwili wangu. Acha niandike.

Nitakayosema yalitokea. Majina nimebadilisha na timu siitaji, maana wengi wao bado tunakutana sokoni.

Kitu kimoja kabla hatujaondoka. Kiswahili chetu si kama chenu. Mimi nilikaa Mbeya kwa mjomba wangu miaka kadhaa, ndiyo maana naandika hivi mnanielewa. Lakini watu wa kwetu wakiongea nitawaacha waongee kwa mdomo wao. Mkiona "minye" ni mimi, "weye" ni wewe, "shiye" ni sisi. Bukari ni ugali. "Juu ya nini" ni kwa nini. "Njo" ni ndiyo, "bile" ni vile, "batu" ni watu, "sawa" ni kama, na Kifaransa nacho kinaingia: "mi-temps" ni mapumziko, "terrain" ni uwanja, "entraînement" ni mazoezi. Mengine mtayashika wenyewe.

Twende.

Kocha wangu wa kwanza wa maana tulimwita Papa Ilunga. Ujanani alichezea timu ya kampuni ya mgodi, enzi zile mgodi ndiyo ulikuwa baba na mama wa mji huu. Baadaye akawa kocha, na uzeeni akabaki na sisi, timu ya ligi ya mkoa, tunaofanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi jekundu pembeni ya Kikula.

Sasa sikilizeni alivyokuwa anapima kipaji.

Mchezaji mpya akija, Papa Ilunga hakumtazama akiwa na mpira. Alikuwa anaangalia pembeni, anaongea na watu, anafunga kamba za viatu. Alisubiri yule mtu aupoteze mpira. Hapo ndipo alipoinua macho.

Ukiupoteza ukashika kiuno, au ukamlaumu mwenzako, kwisha. Alikuambia kwa upole kabisa urudi nyumbani ukanywe maji. Ukigeuka ukamkimbiza aliyekunyang'anya, unabaki.

Mimi siku ya majaribio nilipoteza mpira karibu kila nilipoupata. Miguu yangu si ya ufundi, hilo silifichi. Lakini kila nilipoupoteza nilikimbiza kama nimeibiwa.

Mwisho akaniita. "Weye, mupira haikupendi," akasema. "Lakini unakimbia sawa treni. Utabakia."

Jina likanishika palepale. Treni. Mpaka mama mkwe ananiita hivyo.

Na kutupandisha mori, mbinu yake ilikuwa moja tu, maneno makali. Alisimama pale kwenye mstari, sauti yake ya kukwaruza unaisikia mpaka barabarani. "Weye, ulikuya apa kununua sombe? Juu ya nini unatembea?" Sombe ni kisamvu. Watazamaji wanacheka, wewe unakimbia kwa aibu.

Mimi alinipigia kelele kuliko wote. Watu walisema ananipenda. Na mimi niliamini hivyo.

Hapa lazima niwaeleze maisha yetu kidogo, maana bila hayo hamtaelewa kilichofuata.

Hii ni timu ya mkoa. Hakuna anayeishi kwa mpira. Mimi asubuhi nilikuwa Kamatanda, kwenye machimbo. Sikuwa mchimbaji wa shimoni, nilikuwa mbebaji. Mawe yakitoka chini yanatiwa kwenye mifuko, sisi tunaibeba mgongoni hadi mahali pa kuoshea. Unaanza kukiwa bado na baridi, unamaliza mchana, unadandia taxi-moto, bodaboda ya kwetu, au unatembea, unafika uwanjani unaanza mazoezi.

Kula ni jioni ukirudi. Bukari mara moja kwa siku. Wengi tuliishi hivyo na hakuna aliyeona ni habari ya kusimulia.

Mke wangu Béa anauza samaki wakavu soko la Kikula. Mpira kwake ni kitu kinachochafua nguo. Mtamsikia mbele.

Sasa. Papa Ilunga sukari ikampanda. Akapata kidonda mguuni ambacho hakikupona, daktari akamkataza kusimama. Kamati ya timu ikamleta kocha kutoka Lubumbashi, kijana aliyesomea ukocha. Tumwite Serge.

Nilijiandaa kumchukia. Nilitegemea msomi mwenye dharau.

Hakuwa hivyo. Wiki ya kwanza tu alishajua majina yetu yote. Akitaka kukurekebisha anakufuata, anachuchumaa na wewe mlipo, anaongea chini. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Tulizoea kelele, sasa tunaona mtu ananong'ona, tunatazamana.

Alifunga simu yake juu ya mti wa goli ikawa inaturekodi. Na alikuja na vile vigilet vya kuvaa kifuani, vyenye kifaa mgongoni kinachopima umeenda umbali gani na kwa kasi gani. Vilikuwa vikuukuu, kavipata kwa rafiki yake kwenye timu kubwa, na havikututosha. Tulivaa kwa zamu, kikiwa bado na jasho la mwenzako.

Niseme ukweli, vijana walivipenda. Mazoezi yakiisha wanamzunguka. "Coach, minye nilikimbia ngapi? Nilimupita Dodo?" Dodo ndiye mshambuliaji wetu, mvivu mwenye kipaji. Papa Ilunga alimtukana Dodo misimu mitatu hakubadilika. Serge alimwonyesha namba yake ikiwa chini ya namba ya kipa, siku mbili Dodo anakimbia kama amemwagiwa maji ya moto.

Kwa hiyo wanaosema data haipandishi mori, mimi nimeona kwa macho yangu. Inapandisha. Inategemea mtu ni nani.

Kwangu ilikuja kwa njia nyingine.

Tulicheza na timu moja ya Lubumbashi, tuko sare mpaka mwishoni kabisa. Kiungo wao akachukua mpira katikati, mimi ndiye niliyekuwa namkaba. Akanipita. Sikupigwa chenga, wakuu. Alinipita tu, kama mtu anavyopita mti. Akaenda, akatoa pasi, bao.

Mazoezi yaliyofuata Serge akaniita kando, akanikalisha kwenye ukuta mfupi nyuma ya goli. Akanionyesha video. Nimesimama, mikono magotini, mpira uko hatua chache kutoka kwangu. Kisha akafungua ile picha ya namba, mstari unapanda na kushuka.

"Treni, tazama," akasema. "Apa mwanzo, hakuna muntu anakufikia. Sasa kisha mi-temps. Inashuka. Apa unatembea. Na apa njo bao inaingia."

"Nilichoka ile siku moja tu, coach."

"Hapana. Ni kila match ulivaaka gilet. Niko nazo zote."

"Papa Ilunga hakunitoaka hata siku moja."

"Najua. Na ninakuheshimu." Akazima simu. "Lakini mwili yako iko inasema kintu. Miaka inapita. Kwa batu bengine inafika mapema. Labda yako imefika."

Nilikuwa sijafika thelathini.

Nafasi yangu akampa Patient, kijana mpya, mwepesi, mpira unampenda. Mimi nikakaa benchi.

Wakuu, sijui kama kuna mtu humu aliwahi kuambiwa amekwisha na mtu asiyemchukia. Angekuwa ananichukia ningepata pa kushika. Lakini aliniambia kwa huruma, na alikuwa na ushahidi mkononi.

Nilifika nyumbani. Béa alikuwa anachambua samaki, anawatenga wazima na waliovunjika. Nikamweleza.

"Anasema weye unazeeka?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Njo bile."

"Juzi ulinyanyua pipa ya maji yote mbili peke yako. Huyo muzee ni nani?"

Nikamwambia mpira na mapipa ni vitu viwili. Akasema yeye mpira haujui, ila kama nina neno na kocha mpya, niende kwa yule aliyenifundisha, nisimmalizie yeye hasira juu ya samaki.

Nikaenda kwa Papa Ilunga.

Nilimkuta amekaa ndani ya lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba, uani, mguu umefungwa bandeji na umewekwa juu ya kiti kingine. Alikuwa amekonda. Mkewe akaniletea kiti. Nikamwaga yote. Video, mstari, Patient, benchi. Kiukweli nilienda kuchukua upande. Nilitaka aseme huyo kijana hajui mpira, moyo haupimwi kwa gilet, ili nirudi kwa Serge na kichwa juu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo kijana anasema kweli."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Minye nilikuwa naona," akaendelea. "Kisha mi-temps ulikuwa unaanza kufa. Juu ya nini unafikiri nilikuwa napiga kelele upande yako kila saa? Nilikuwa nakuamsha."

"Papa, batu banasema ulikuwa unanipenda."

"Nilikupenda. Na nilikuwa nakuamsha."

Nikakasirika, nisifiche. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakujibu hilo. Akaanza kunieleza habari za ujana wake, nikadhani anakwepa, kumbe ndiko jibu lilikokuwa.

"Shiye, wakati yetu, tulikuwa bafanyakazi ba kampuni. Siku ya entraînement banatuachia mapema. Tunaenda ku cantine. Bukari, nyama, maharagi, maziwa. Tunalala kidogo. Mangaribi tunaenda ku terrain. Coach yetu alikuwa mukali kunipita minye. Anatutukana, na tunakimbia. Anatutukana tena, tunakimbia tena. Kisha minye nilikuya kuwa coach, nikafikiri ni matusi njo ilikuwa inatukimbiza."

Akautazama mguu wake.

"Ilikuwa nyama, Treni. Cantine ilifunga, minye nikaendelea kutukana."

Mkewe akaja na sahani ya karanga, akaiweka kati yetu.

"Huyo Serge," akasema Papa Ilunga, "anajua unatokaka wapi ukifika ku terrain?"

"Hapana."

"Alikuuliza?"

"Hapana."

"Minye pia sikukuulizaka. Na nilijua Kamatanda iko wapi." Akachukua karanga akanipa. "Enda umuambie. Usiende kulia. Enda umuambie bile iko."

Nilitembea kurudi Kikula na kitu kimoja kichwani. Sitoki kwenye timu hii kwa uzee ambao sina. Nikitoka, nitoke kwa sababu ya kweli.

Kesho yake nikamkuta Serge peke yake uwanjani, anajaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli. Sikuzunguka.

"Coach, mwili yangu haizeeke," nikasema. "Iko na njaa."

Akaacha pampu.

Nikamweleza asubuhi zangu zilivyo. Akauliza kama ni kila siku. Nikasema kila siku ya kazi, mpaka siku za mechi ndogo. Akauliza nakula nini kabla ya kuja mazoezini. Nikasema nakula nikirudi.

Akakaa chini juu ya mfuko wa mipira.

"Minye nilikupima sawa mashini," akasema. "Niliona mashini inashuka, nikasema imezeeka. Sikuuliza kama iko na mafuta."

Halafu akauliza, "Na bengine?"

"Bengine bale bale."

Mazoezi ya siku ile hayakuwa na mpira mwanzoni. Alitukalisha chini, akapita kwa mtu mmoja mmoja na swali moja, umetoka wapi na umekula nini tangu asubuhi. Vijana waliona aibu. Mmoja anaendesha taxi-moto tangu alfajiri. Mwingine anapakua magunia. Dodo, yule mvivu wetu, alikuwa ametoka shule anakofundisha watoto, na tangu jana yake alikuwa amekunywa chai tu. Misimu mitatu tunamwita mvivu.

Timu nzima, waliokuwa wamekula mchana ule wangetosha kucheza karata.

Serge alisikiliza wote. Hakuandika chochote. Mwishoni akasema, "Basi minye nilikuwa nafundisha batu ba njaa."

Sasa msidhani mambo yakawa rahisi kuanzia hapo. Kwanza, hakunirudishia namba yangu. Nilimuuliza waziwazi. Akasema nafasi ni ya Patient mpaka nimwonyeshe kwamba ninachosema ni kweli. Nikasema sawa. Iliniuma, lakini sawa.

Pili, chakula kinatoka wapi?

Nilirudi kwa Béa, ambaye mpira haujui. Akasema, "Kupika haiko shida. Shida ni unga." Kamati ikaitwa. Mkuu wa kamati akauliza kama tumeanzisha timu au mkahawa. Kulikuwa na mzee mmoja wa kamati mwenye mashine ya kusaga mahindi, mtu asiyeongea sana. Akasema unga atatoa yeye. Maharage na mkaa tulichanga wachezaji, kila mtu alicho nacho, wengine walileta nyanya. Béa na dada yake wakawa wanapika nyuma ya goli siku za mazoezi, tunakula mapema, tunapumzika chini ya ukuta, kisha ndiyo tunaanza.

Patient alikataa kula. Ndiyo, yule aliyechukua nafasi yangu. Alisema hakuja kwenye timu kupanga foleni na sahani kama mtu aliyekimbia vita. Alikuwa anasimama mbali, anachezea mpira peke yake, sisi tunakula.

Nikajua ninachotakiwa kufanya, na sikukifanya kwa utakatifu, msinipambe. Nilichukua sahani nikamfuata.

"Keti, Patient," nikamwambia. "Ukianguka leo, watanirudisha minye. Na sipendi kurudi bile."

Akaukanyaga mpira ukasimama. Kisha akachukua ile sahani, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Tangu siku hiyo tulikula pamoja.

Tatu, kazi yangu. Nilienda kwa mkuu wa kikundi chetu Kamatanda nikaomba anitoe kwenye kubeba, aniweke kwenye kuchambua mawe, kazi ya kukaa. Alicheka mbele za watu. Kuchambua wanafanya wazee na wagonjwa, na kipato chake ni kidogo. Nikamwambia najua. Béa nilishaongea naye, naye alisema, "Msimu hii tu. Kisha hapo tutasemezana." Mkuu wa kikundi alinizungusha siku kadhaa, mwisho akakubali kwa sababu nilikuwa namuuliza kila asubuhi mpaka akachoka na sura yangu.

Nikaanza kufanya mazoezi kama mtu anayejaribiwa upya.

Mkuu mmoja akisoma hapa atauliza, je, mstari ulipanda? Ulipanda, ila si siku moja. Wiki za mwanzo ulishuka vilevile. Nililala na mawazo kwamba labda kweli nimezeeka, na nimewasumbua watu bure na sufuria. Kisha taratibu ukaanza kushuka kwa kuchelewa. Serge alinionyesha bila kunisifia sana. Kidole chake kinatembea kwenye simu, "Apa zamani ulikuwa unakufa. Sasa unakufa apa." Hiyo kwake ilikuwa sifa.

Akaniambia pia kitu ambacho Papa Ilunga asingeniambia kamwe. Kwamba mimi si mtu wa kukimbia mechi nzima kwa kasi ileile, na sikuwahi kuwa. Atanitumia kuanzia kipindi cha pili, wakati wapinzani wamechoka na mimi ni mpya. Nikasema mimi naitwa Treni. Akasema, "Treni pia inasimamaka ku gare," yaani stesheni.

Nilikataa moyoni kwa siku mbili. Kisha nikakubali na kichwa, moyo ukafuata baadaye.

Mechi ya mwisho wa msimu ikafika. Tunacheza nyumbani na timu kutoka Kakanda. Tukipoteza tunashuka daraja, na mkuu wa kamati alishasema wazi kwamba tukishuka timu inavunjwa. Sare inatosha kutuokoa.

Vijana wa Kakanda walikuwa na miili, wakuu. Wengi wana ajira migodini kule, unaona tu mtu anakula vizuri. Papa Ilunga aliletwa kwa taxi-moto, akakaa kwenye kiti karibu na mstari, mguu umenyooshwa.

Mapumziko tulikuwa nyuma kwa bao moja.

Tulikaa kwenye darasa la shule ya jirani tunalobadilishia nguo. Serge akaongea kwa sauti yake ileile, akatuonyesha kwenye simu jinsi beki wao wa kulia anavyochelewa kurudi. Alichosema kilikuwa sahihi. Lakini vichwa viko chini. Unajua ile hali, mtu anaelewa kwa masikio tu.

Serge akaona. Na hapa ndipo nilipomheshimu kabisa. Akamgeukia mzee aliyekuwa amebebwa mpaka mlangoni, akasema, "Papa, sema nabo."

Sote tukajiandaa kwa matusi. Nadhani tuliyataka.

"Munataka nipige kelele?" akauliza Papa Ilunga. "Sitapiga. Mulikula leo?"

"Ndiyo, papa."

"Bote?"

"Bote."

"Patient, weye ulikula?"

"Nilikula, papa."

"Muzuri. Aba ba Kakanda banakula kila siku, njo maana banawapita nguvu. Leo munafanana nabo. Hamuna tena kintu ya kusingizia." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Basi. Muende."

Hayo tu.

Niliingia kipindi cha pili. Serge hakumtoa Patient, alimsogeza pembeni kushoto, upande wa yule beki mchelewaji, mimi nikakaa katikati. Sitawadanganya kwamba nilicheza vizuri. Mpira ulikuwa bado haunipendi. Lakini kila walipotaka kutoka walinikuta. Nilinyang'anya, nikanyang'anywa, nikakimbiza, nikanyang'anya tena.

Bao letu lilitokea hivyo hivyo. Nilipoteza mpira vibaya, nikamfukuza aliyeuchukua mpaka akauachia kwa woga, ukamfikia Patient. Patient akamwacha yule beki, akapiga krosi, Dodo akaruka na kichwa. Dodo ambaye zamani angekuwa bado anatembea katikati ya uwanja.

Muda uliobaki ulikuwa wa kuumia. Walitusukuma mpaka ndani ya goli letu. Nilikuwa nasubiri ile hali yangu, miguu kugeuka kuni, masikio kuziba. Ilikuja, lakini ilichelewa, na ilipofika refa alikuwa anatazama saa yake. Mpira wa mwisho kiungo wao aliupata katikati, akanijia. Nilirudi naye bega kwa bega mpaka ukatoka nje.

Filimbi. Sare. Timu ikabaki.

Watu waliingia uwanjani. Béa alikuja na mwiko mkononi, hakujua anaushikia nini. Serge akanifuata moja kwa moja akashika shati langu akilivuta kutafuta kifaa mgongoni.

Hakikuwepo. Vigilet havikututosha, siku ile ilikuwa zamu ya Patient. Mechi niliyokimbia kuliko zote maishani mwangu haikupimwa.

Serge alisimama ameshika shati langu, uso umemshuka. "Hatukukupima," akasema.

"Minye nilimupima," akasema Papa Ilunga kutoka kwenye kiti chake.

Serge akacheka. Mara ya kwanza namsikia akicheka kwa sauti.

Imepita misimu kadhaa sasa. Serge yuko na timu nyingine Lubumbashi, tunaandikiana. Papa Ilunga mguu ulikatwa, lakini yupo, na jioni akipata wa kumleta anakaa palepale. Patient ndiye nahodha. Mimi goti liliniondoa, safari hii kweli, nikakubali bila ugomvi. Nafundisha vijana hapa Kikula. Hatuna vigilet. Napiga kelele, nakiri, sauti inatoka yenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Papa Ilunga alikuwa sahihi kwamba mchezaji unamjua akishapoteza mpira. Serge alikuwa sahihi kwamba mwili hausemi uongo. Wote wawili waliniona vizuri, na wote wawili nusura wanipoteze, kwa sababu mtu hafiki uwanjani akitokea hewani. Ana asubuhi yake. Kocha asiyeijua asubuhi ya mchezaji wake, awe wa zamani au wa kompyuta, anapima kitu kingine.

Na wewe mchezaji, usikae benchi na ukweli wako mdomoni. Useme ulivyo, halafu fanya kazi.

Sasa nawaachia uwanja. Kama kuna kocha aliwahi kukuambia umekwisha, tuambie ulifanya nini asubuhi iliyofuata. Na makocha mliomo humu, njooni mseme mchezaji mliyemwacha mapema mkaja kujua sababu yake baadaye. Mimi naenda mazoezini, nitasoma yote nikitoka.